Papa Asiye Baba: Mwongozo wa Filamu Nne za Jaws kwa Msomaji wa Bara

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Bengamisa akiambiwa kwa Kiswahili kwamba "papa amemla mtu ufukoni", jambo la kwanza litakalomjia si hofu bali mshangao. Katika Kiswahili cha Kisangani na vitongoji vyake, papa ni baba mzazi, au mwanamume yeyote aliyefikia umri wa kuheshimiwa. Tena, kwa waumini wa Kanisa Katoliki, Papa ni Askofu wa Roma. Yohane Paulo II alipozuru Kisangani mwezi wa Mei 1980, sentensi "Papa amefika" haikuhitaji ufafanuzi wowote. Papa wa tatu, yaani samaki mkubwa wa baharini mwenye safu za meno makali, ni neno la kamusi. Aliyesoma shule kwa Kifaransa humjua samaki huyo kwa jina la requin kabla hajalijua jina lake la Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kufanya mambo mawili. La kwanza ni kumweleza msomaji mfululizo wa filamu nne za Kimarekani zijulikanazo kwa jina la Jaws, zilizotolewa kati ya mwaka 1975 na 1987, ili anayetaka kuzitazama ajue atakutana na nini. La pili ni kuonyesha kwamba filamu hizo, zinapoelezwa kwa Kiswahili mbali na bahari, huzusha maswali ya msamiati na ya maana yasiyojitokeza Zanzibar wala Mombasa. Maswali hayo yanamhusu kila anayefundisha au kufasiri Kiswahili katika bara.

2. Neno papa na mazingira yake

Kwa watu wa pwani, papa ni kitoweo kabla ya kuwa kitisho. Huliwa mbichi kwa mchuzi wa nazi, na hukaushwa kwa chumvi akasafirishwa mbali. Papa mkavu alikuwa miongoni mwa shehena za majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi kutoka Uarabuni na pwani ya Somalia. Mafuta yake, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za vyombo ili zisioze. Aidha, lugha ya wavuvi huwapambanua papa kwa majina: yuko papa upanga, mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili, na yuko papa shilingi, mkubwa kuliko samaki wote, ambaye madoa yake meupe yamefananishwa na sarafu na ambaye hamdhuru mtu. Kwa hiyo mtu wa pwani akisikia neno papa, anaona chungu, jahazi na soko, na hatari ni sehemu moja tu ya maana hiyo.

Bengamisa iko kaskazini mwa Kisangani, kwenye barabara iendayo Banalia na Buta. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa, safari ya mtoni ni kilomita 1,734. Na kutoka Kinshasa kushuka hadi Matadi kuna maporomoko yasiyopitika kwa chombo. Wataalamu wanafahamu aina moja ya papa, Carcharhinus leucas, awezaye kuishi katika maji baridi na ambaye hupanda mto Zambezi. Lakini maporomoko hayo ni ukuta ambao papa wa Atlantiki haupandi. Wakazi wa Tshopo wana viumbe wao wa kuogopwa majini. Yuko mamba, ambaye kwa Kilingala huitwa ngando. Yuko pia mbenga, samaki ambaye Boulenger alimpa jina la kitaalamu la Hydrocynus goliath mwaka 1898, na ambaye meno yake yamepangika kama visu nje ya midomo.

Kwa upande wa sarufi, maana tatu za neno papa haziwezi kutenganishwa kwa upatanisho. Baba ni kiumbe hai, Askofu wa Roma ni kiumbe hai, na samaki naye ni kiumbe hai. Wote watatu wamo katika ngeli ya A-WA, na wote hawana kiambishi mwanzo katika umoja. Sentensi "papa mkubwa anakuja" ina maana tatu kamili, na mkazo wa sauti ni mmoja. Wingi husaidia kidogo: mtu wa Kisangani atasema bapapa kwa wazazi, hali mtu wa pwani atasema papa wale kwa samaki. Njia iliyo salama kwa mwalimu na mfasiri ni kuongeza neno moja: samaki papa, au papa wa baharini. Baada ya kutajwa hivyo mara ya kwanza, muktadha utaubeba mzigo uliobaki.

Jina la filamu nalo lina funzo. Waingereza na Wamarekani wanasema Jaws, yaani mataya. Wafaransa waliliacha jina hilo wakaiita Les Dents de la mer, yaani meno ya bahari. Jina la Kiingereza linataja kiungo bila mwenyewe. Jina la Kifaransa linaipa bahari yote meno. Kwa msomaji wa Kongo, jina la pili ndilo linalofaa zaidi, kwa sababu halimlazimishi kumjua samaki kwanza. Linamwambia tu kwamba maji yanauma, jambo ambalo aishiye kando ya mto hahitaji kufundishwa.

3. Filamu ya kwanza (1975)

Filamu ya kwanza ilitokana na riwaya ya Peter Benchley iliyotolewa mwaka 1974. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 20 Juni 1975. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, alikuwa na umri wa miaka 28. Hadithi ni nyepesi kusimulia. Katika kisiwa kiitwacho Amity, ambacho uchumi wake hutegemea wageni wa kiangazi, msichana anayeogelea usiku anauawa na papa mweupe. Mkuu wa polisi, Martin Brody (Roy Scheider), anataka ufuko ufungwe. Meya Vaughn (Murray Hamilton) anakataa, kwa kuwa sikukuu ya tarehe 4 Julai imekaribia na wafanyabiashara watapata hasara. Mtoto anauawa mbele ya mama yake. Ndipo Brody, pamoja na mtaalamu wa samaki Matt Hooper (Richard Dreyfuss) na mvuvi mkongwe Quint (Robert Shaw), anaingia baharini kumtafuta mnyama huyo.

Filamu ilipigwa katika bahari yenyewe, kando ya kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts. Kazi iliyopangiwa siku 55 ilichukua siku 159. Papa wa mitambo waliotengenezwa kwa ajili ya filamu, ambao wafanyakazi waliwapa jina la Bruce, waliharibika kila mara katika maji ya chumvi. Kutokana na shida hiyo, mwongozaji alilazimika kumficha mnyama wake. Mtazamaji hukaa zaidi ya saa nzima akiona mapezi, mapipa ya manjano yaburutwayo juu ya maji, na nyuso za watu, kabla ya kumwona samaki waziwazi.

Yafaa kukumbusha hapa kwamba mkoa wa Tshopo una nafasi yake katika historia ya filamu zilizopigwa katika maji halisi. Mwaka 1951, John Huston alileta wachezaji wake Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kupiga sehemu za filamu The African Queen. Malaria na kuhara viliwasumbua watu wake. Huston mtoni na Spielberg baharini walikuwa na imani moja: kwamba maji ya karakana hayamdanganyi mtazamaji, na kwamba ni heri taabu ya maji ya kweli.

Sehemu kubwa ya hofu katika Jaws hutokana na muziki wa John Williams, ambao kiini chake ni noti mbili tu zinazorudiwarudiwa na kuongezeka kasi. Muziki huo una sharti: husikika papa anapokuja kweli. Watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia, noti hizo hazisikiki, na mtazamaji makini anaweza kugundua udanganyifu kabla ya watu wa ufukoni. Mtu aliyelelewa katika ngano za Kiafrika haoni jambo hili kuwa geni. Katika ngano nyingi zimwi hutanguliwa na wimbo wake, na watoto wanaosikiliza huogopa wimbo kuliko zimwi lenyewe. Filamu ilipata tuzo tatu za Oscar: ya muziki, ya sauti, na ya uhariri, aliyopewa Verna Fields.

4. Masimulizi ya Quint na madini ya Katanga

Sehemu moja ya filamu ya kwanza inastahili kusomwa peke yake. Usiku, ndani ya chombo, Quint anawasimulia wenzake kwamba alikuwa baharia katika manowari Indianapolis. Hakuna picha ya tukio inayoonyeshwa. Kuna mzee anayesimulia na wawili wanaosikiliza. Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, huu ni mfano bora wa uwezo wa sauti ya mtu mmoja kushinda mitambo yote.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Indianapolis iliondoka San Francisco tarehe 16 Julai 1945 ikiwa imebeba sehemu za bomu la atomiki, ikazifikisha kisiwani Tinian tarehe 26 Julai. Tarehe 30 Julai ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Ilikuwa na watu wapatao 1,195. Waliookoka ni 316. Waliobaki majini walikaa siku kadhaa kabla ya kuonekana, na wengi walikufa kwa majeraha, jua na kiu, wengine kwa papa. Filamu inakosea tarehe, kwani Quint anautaja mwezi wa Juni, lakini idadi ya waliookoka anaitaja sawasawa.

Jambo ambalo Quint halisemi, na ambalo msomaji wa Kongo anapaswa kulijua, ni asili ya mzigo huo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa Wamarekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, na Wakongo waliokuwa chini ya utawala wa Kibelgiji. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa la urani. Hivyo basi, katika masimulizi mashuhuri kuliko yote kuhusu papa, nyuma ya baharia, nyuma ya manowari, kuna mchimbaji wa Kongo asiyetajwa. Filamu inayoonekana kuwa mbali kabisa na nchi hii imepita juu ya mgongo wake. Mwalimu anayeionyesha filamu hii darasani bila kulitaja jambo hilo anawanyima wanafunzi wake sehemu inayowahusu zaidi.

5. Filamu tatu zilizofuata

Jaws 2 (1978) iliongozwa na Jeannot Szwarc, mzaliwa wa Paris. Brody yuko bado Amity, na anaona dalili za papa mwingine. Safari hii anakosea hadharani: anafyatua bastola ufukoni kwa sababu ya kivuli ambacho ni kundi la samaki wadogo, na baraza la mji linamfukuza kazi. Vijana, wakiwemo wanawe wawili, wanakwenda baharini kwa mashua za tanga na kuzingirwa. Papa anauawa kwa waya wa umeme upitao chini ya bahari. Samaki anaonekana mapema na mara nyingi, kwa hiyo hofu ni ndogo. Lakini sehemu ya kwanza, inayomhusu mtu aliyesema kweli na kuonekana mwendawazimu, ni nzuri na inafaa kutazamwa.

Jaws 3-D (1983) iliongozwa na Joe Alves, aliyekuwa msanifu wa mandhari katika filamu ya kwanza. Imepigwa ili itazamwe kwa miwani maalumu inayofanya vitu vionekane kutoka nje ya skrini. Mtazamaji asiye na miwani ataona vitu vikisimama bila sababu mbele ya kamera. Hadithi imehamia Florida, katika bustani ya maonyesho ya wanyama wa baharini, ambako Mike Brody (Dennis Quaid) ni mhandisi. Papa mdogo anakamatwa, anaonyeshwa kwa pupa ili kuvuta wateja, na anakufa. Kisha mama yake anakuja. Wazo la mama anayefuata mwanawe lina nguvu kuliko utekelezaji wake.

Jaws: The Revenge (1987) iliongozwa na Joseph Sargent. Sean Brody anauawa Amity wakati wa Noeli. Mama yake, Ellen (Lorraine Gary), anaamini kwamba papa anailipizia kisasi familia yake, anahamia Bahama kwa mwanawe Michael, na papa anamfuata huko. Wahakiki waliicheka filamu hii, wakisema kwamba samaki hana kisasi. Msikilizaji wa kando ya mto Kongo hatacheka mara moja. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati watu husimulia habari za mamba aliyetumwa na mtu dhidi ya familia fulani. Kwake yeye kosa la filamu haliko katika kisasi. Atauliza: ni nani aliyemtuma? Filamu haina jibu. Cha kustaajabisha ni kwamba riwaya ya Hank Searls iliyotolewa pamoja na filamu hiyo ilikuwa na jibu: mganga wa vudu, aitwaye Papa Jacques. Mganga huyo hayumo katika filamu. Katika Kiswahili, riwaya hiyo ingekuwa na papa wawili, mmoja akimtuma mwenzake.

Mwenye muda mdogo na atazame filamu ya kwanza, kisha nusu ya kwanza ya Jaws 2. Filamu ya nne haiifuati ya tatu, na maisha ya Michael katika hizo mbili hayapatani. Anayetaka kuzitazama zote asitafute mwendelezo kamili.

6. Ufuko unaofungwa na mto usiofungwa

Kiini cha filamu ya kwanza si samaki. Ni uamuzi wa viongozi waliojua hatari wakanyamaza kwa ajili ya fedha. Papa anakaa baharini. Aliyemwacha mtoto aingie majini anakaa ofisini. Waswahili wamekwisha kusema kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo, swali la Brody, kama ufuko ufungwe au usifungwe, lina sharti lake la kijamii. Mwogeleaji wa Amity anakwenda majini kustarehe, naye akikatazwa atarudi nyumbani akiwa salama na mwenye njaa ya mchezo tu. Mwanamke anayeteka maji na kufua katika Lindi, mvuvi wa Kiwagenia anayetega makapa yake makubwa kwenye maporomoko ya Kisangani, mfanyabiashara anayesafirisha mihogo kwa mtumbwi, hawa hawana ufuko wa kufunga. Mto ni bomba la maji, barabara na soko lao. Mfasiri atakayesema tu "fungeni ufuko" atakuwa amefasiri maneno sawasawa, na bado msikilizaji atauliza: watu hao watachota wapi maji?

Jambo hili linaonekana wazi katika kisa cha Gustave, mamba mkubwa wa mto Rusizi na mwambao wa kaskazini wa ziwa Tanganyika, nchini Burundi. Mfaransa Patrice Faye, aliyeishi Burundi, ndiye aliyempa jina hilo, na jaribio lake la kumnasa lilionyeshwa katika filamu ya kumbukumbu mwaka 2004. Masimulizi yalimhesabia Gustave mamia ya watu, idadi ambayo haikuthibitishwa. Mwaka 2007 Wamarekani walitoa filamu ya kubuni, Primeval, iliyotokana na kisa hicho na kupigwa Afrika ya Kusini. Ndani yake mashujaa ni wageni waliokuja kumkamata mnyama. Wenyeji wanaoendelea kuoga na kuvua kwa sababu hawana maji mengine wamebaki pembeni. Yamkini filamu ya mto iliyo bora zaidi ni ile itakayowaweka hao katikati.

Upande wa papa wenyewe, hofu ilileta madhara. Benchley alitumia miaka yake ya mwisho kutetea uhifadhi wa bahari, akaeleza hadharani kwamba kwa maarifa aliyoyapata baadaye asingeweza kukiandika kitabu kile tena. Alifariki mwaka 2006. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba idadi ya papa na taa wa bahari kuu ilipungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, sababu kubwa ikiwa uvuvi. Mla watu wa filamu, katika dunia ya kweli, ndiye anayeliwa.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba mfululizo wa Jaws unaweza kuelezwa kwa Kiswahili sanifu bila shida kubwa ya msamiati, mradi mfasiri akumbuke kwamba neno papa halina maana moja kutoka Lamu hadi Kisangani. Aidha, imeonekana kwamba ugumu wa kweli hauko katika jina la samaki bali katika maji yenyewe: maji ya starehe na maji ya riziki hayafasiriki kwa neno moja. Mwalimu wa Kiswahili katika bara asione haya kuyasema hayo mbele ya kamusi za pwani. Lugha iliyofika Bengamisa imekuta mto, mamba na mbenga, na imekuta papa aliye baba wa nyumba. Inapomkaribisha papa wa baharini, haina sababu ya kuwafukuza waliotangulia.